Kidonge Chini ya Ulimi wa Thembo

Jumatatu, 2 Septemba 2019

Daktari Evas wa Kampala amenipa fomu ya kujaza kila siku: saa ya kidonge, usingizi, chakula, tabia. Mbele ya neno "tabia" wameacha kisanduku cha ukubwa wa kucha. Nimeishi na Thembo miaka ishirini na moja, tabia yake haiwezi kuingia humo. Nimenunua daftari.

Nitaandika kwa Kiswahili. Mimi ni mtoto wa kambini, baba yangu Okot alikuwa sajini, na kambini hata Mwacholi na Mganda wakitaka kugombana hugombana kwa Kiswahili. Thembo ni Mkonzo wa hapa hapa Bwera, mpakani mwa Kongo, kwa hiyo tangu anioe hiki ndicho Kiswahili chetu cha nyumbani. Tena mama mkwe wangu, Mama Kabugho, anaishi nasi na husoma kila karatasi inayosahauliwa mezani. Kiswahili anakisema sokoni tu, kukisoma hawezi.

Mambo yalivyo ni haya. Eridadi Thembo, miaka arobaini na saba, ni mshereheshaji. Kuanzia hapa mpaka Kyarumba, harusi isiyo na sauti yake watu huihesabu kama kikao. Miaka mitatu iliyopita bodaboda ilimwangusha, nyonga ikavunjika, akapewa tramado, vidonge vya maumivu, za wiki mbili. Wiki mbili zikaisha, yeye hakuacha. Rafiki yake Bright, mwenye chumba cha dawa kisicho na kibao kule karibu na mpaka, akawa anampa. Kufikia Pasaka mwaka huu alikuwa anameza ishirini kwa siku. Kwenye harusi moja akaanguka akitetemeka, kipaza sauti mkononi, na wageni wakapiga makofi wakidhani ni mchezo. Aliyekimbia kumshika ni mimi peke yangu.

Miaka yote mitatu tumewaambia watu ni presha. Wanaojua ukweli hapa nyumbani ni mimi na yeye.

Sasa kuna mradi Kampala unaojaribu dawa nyingine, inayoyeyuka chini ya ulimi na kutuliza ile kiu ya tramado. Amekaa wiki nzima kliniki ya Kasese wakimwanzishia. Leo tumerudi na vidonge saba kwenye kopo la bati lenye kufuli. Ufunguo uko shingoni kwangu. Kila asubuhi saa moja daktari atapiga simu ya picha, amwone akiweka kidonge, na amwone mpaka kiyeyuke. Kila Jumatatu tunakwenda Kasese kwa Nesi Marita kuchukua vingine saba.

Jumanne, 3 Septemba

Saa moja simu ikalia. Nikaiegemeza kwenye birika. Daktari akasema anaona paji la uso tu. Nikaishusha. Akasema sasa anaona kuku.

"Bwana Thembo, umelalaje?"

"Daktari, kulala nimelala, lakini acha nikueleze hii usingizi ilianzia wapi..."

"Lowesha mdomo kwanza. Mama Biira, toa kidonge."

Nikakitoa. Sijui ni damu ya baba yangu, nikajikuta nimesimama wima: "Fungua mdomo! Ulimi juu! Weka! Funga! Tulia!"

"Mama Biira," daktari akasema, "huyu siyo kuruta." Lakini yeye mwenyewe Kiswahili chake alikipata hospitali ya jeshi, na "tulia" alilirudia mara mbili.

Halafu sheria yenyewe: dakika kumi asiseme, asimeze mate, asinywe chai. Thembo! Dakika ya pili alianza kusema kwa nyusi. Dakika ya nne akaanza kuvumisha wimbo puani. "Bwana Thembo, na pua pia inyamaze." Dakika ya kumi alifungua mdomo kama lango la ng'ombe asubuhi, na hakuufunga mpaka chakula cha mchana.

Alhamisi, 5 Septemba

Saa 1:00. Amelala vizuri. Amekula. Amesema.

Alhamisi, 12 Septemba

Leo nimegundua kitu. Hizo dakika kumi ni zangu. Katika miaka ishirini na moja sijawahi kumaliza sentensi mbele ya Thembo. Asubuhi hii nilianza na jambo dogo, kwamba paa la jiko linavuja. Hakunikatiza. Nikaendelea. Nikamwambia jinsi Biira, binti yetu, alivyoniuliza kabla ya kurudi shuleni kama baba yake atakufa. Nikamwambia nilivyokuwa nikimwekea mkono kifuani usingizini kuhakikisha anapumua.

Machozi yakamtoka. Daktari akashtuka: "Macho yanamwasha? Hiyo naiandika kama athari ya dawa?"

"Hapana, daktari," nikasema. "Hiyo ni athari yangu."

Ijumaa, 20 Septemba

Aibu. Simu yetu imekamata mtandao wa Kongo, ikatukaribisha Kongo kwa Kifaransa, na saa yake ikarudi nyuma saa nzima. Sisi tumekaa mezani tunasubiri saa moja, kumbe ni saa mbili na daktari ameshapiga mara sita bila kutupata. Alipotupata alikuwa ameshampigia Nesi Marita, na Marita alikuwa anatafuta gari la kuja Bwera.

"Mimi nilikuwa tayari saa moja," Thembo akajitetea. "Ni serikali ndiyo ilibadilika."

Jumatano, 25 Septemba

Mvua. Siku nzima.

Alhamisi, 26 Septemba

Mvua. Mama Kabugho anasema mlimani wanashukuru kwa ajili ya maharage. Sisi paa la jiko.

Jumanne, 1 Oktoba

Mvua imeharibu mnara wa simu. Nyumbani mtandao hakuna, hata wa Kongo. Tumezunguka na simu juu kama wanaotafuta nyuki. Mahali pekee inaposhika ni juu kilimani, kwenye ngazi za kanisa. Kwa hiyo sasa kila asubuhi tunapanda: mimi na kopo na mwavuli, Thembo na fimbo yake kwa ajili ya nyonga. Anakaa ngazi ya tatu, anafungua mdomo, na mimi nasimama na simu mbele ya uso wake.

Kina mama wa sala ya asubuhi hutupita. Wanasalimu. Thembo hajibu. Tangu Bwera iwe Bwera, Thembo hajawahi kusalimiwa akanyamaza.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mama mmoja wa kwaya amesikia kuna daktari kwenye simu yangu. Leo alisubiri dakika kumi ziishe, akavua kiatu, akamwonyesha daktari kidole cha mguu. Daktari Evas ana adabu, akakitazama.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kasese na kurudi, matope mpaka magotini. Vidonge saba.

Jumatano, 16 Oktoba

Nitaandika polepole.

Nilikuwa napiga pasi koti lake la harusi. Ndani ya mfuko wa kifuani nikagusa kitu. Tramado, safu nzima, kumi.

Sikupiga kelele. Nilifungasha nguo zangu kwenye begi, nikaweka na pasi ya mkaa, maana ni yangu, nikakaa kitandani kumsubiri. Alipoingia akaona begi, akaona safu ya vidonge juu yake. Kwa mara ya kwanza alinyamaza bila kidonge.

"Bright alinipa," akasema mwishowe. "Alisema weka kama spea, siku dawa ya Kampala ikikosa. Sijameza, Mama Biira. Hesabu. Iko kumi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa ungefanya hivi unafanya."

"Na kwa nini hukutupa?"

Akakaa chini sakafuni, mguu mbovu umenyooka. "Niliogopa kutupa. Kila siku naweka mukono mufukoni, naigusa, naiacha. Siku tisa. Nimechoka kuigusa."

Nilimkokota mpaka kanisani kwenye mtandao, nikampigia daktari nikiwa na hasira ya kutosha kuwasha mkaa. Nilitaka amgombeze. Daktari akasema ninyanyue safu ile aione vizuri. Akahesabu. Kumi.

"Siku tisa alikuwa nazo na hajameza," akasema. "Mama Biira, hiyo ni habari njema."

"Kwangu haionekani njema."

"Najua. Leteni kwa Marita Jumatatu zikaharibiwe. Leo laleni."

Begi nimelifungua. Pasi nimeirudisha rafuni. Nimemkasirikia daktari kuliko mume wangu, na sijui kwa nini. Miaka mitatu nimekuwa namwona Thembo kama mtu asiyetaka kuacha. Siku tisa na kidonge juu ya moyo. Sijui kama mimi ningeweza.

Alhamisi, 24 Oktoba

Soko halina watu mbele ya meza yangu ya samaki. Wauza samaki wenzangu wanauza, mimi samaki wangu wa chumvi wananitazama tu. Mama mmoja wa kutoka ng'ambo ya mpaka, mteja wangu wa miaka, alisimama mbali hatua nne akapaza sauti:

"Mama Biira! Bwana yako iko na maladi gani?"

"Hana ugonjwa. Presha tu."

"Presha gani ya kufungua mudomo kwa simu?"

Akanunua kwa jirani.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimeelewa. Wanasema ni Ebola. Pale mpakani kila mtu ananawa mikono na kupimwa joto mwaka mzima sasa, hofu imetanda, na hapa kuna mtu kila asubuhi anapelekwa kanisani na mwavuli, hasalimii, anaonyesha ulimi kwa daktari ambaye hataki hata kumkaribia, anamtazama toka Kampala. Nikiwa mimi ni jirani, na mimi ningesema ni Ebola.

Nilimwambia Thembo tuseme ukweli. Akakataa. "Mugonjwa wa Ebola wanamuombea," akasema. "Mutu wa vidonge wanamucheka."

Jumapili, 27 Oktoba

Nitaandika yote, hata nikimaliza kalamu.

Saa moja, ngazi ya tatu, kidonge kimeingia. Mvua ilikuwa imeacha kidogo, na kwa kuwa ni Jumapili watu walikuwa wanaanza kufika. Dakika ya pili nikasikia viatu vya mpira, magumbuti, nyuma yangu. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Syahuka, amevaa koti la mvua na glavu za kuoshea vyombo. Nyuma yake watu wawili wa afya, nyuso zimefunikwa, mmoja na kipima joto, mwingine na pampu ile ya kupulizia kahawa dawa. Nyuma yao, kwa umbali walioona ni salama, Bwera nzima.

"Thembo!" Mwenyekiti akasema. "Tumesikia uko mugonjwa. Jibu mbele ya watu. Uko na nini?"

Thembo akatazama mbele. Midomo imefungwa.

"Anakataa kujibu!" mtu akalia kule nyuma.

Thembo akatikisa kichwa, akaonyesha mdomo kwa kidole. Umati ukarudi nyuma hatua tano kwa pamoja, kama kwaya.

"Anaonyesha inatokea wapi!" sauti nyingine.

"Mwenyekiti," nikasema, "hawezi kusema mpaka dakika nane ziishe."

"Kwa nini?"

Siri si yangu. Nikamgeuzia simu Mwenyekiti amwone daktari. Akaruka.

"Mimi ni Daktari Evas," simu ikasema. "Mgonjwa wangu hana Ebola. Hana ugonjwa wa kuambukiza wowote."

"Basi ana nini, daktari?"

"Hilo siwezi kusema bila ruhusa yake."

"Mpe ruhusa, Thembo!" Mwenyekiti akasema.

Thembo akainua kidole kimoja, kuomba wasubiri. Yule wa kipima joto akadhani anamwita, akasogea, akampima kwenye paji. Joto la kawaida. Akapima tena. Akajipima mwenyewe. Ikawa yeye ndiye aliyekuwa juu kidogo, na watu wakaanza kumkwepa yeye.

"Gari iko chini," Mwenyekiti akasema, akijikaza. "Atapelekwa kwenye hema ya Ebola. Ni kwa usalama ya wote."

Nikaona uso wa Thembo. Angeweza kukitema kile kidonge. Kulikuwa na watu zaidi ya mia mbili, wote wanamsikiliza, na maisha yake yote mtu huyu hajawahi kuacha umati unaomsubiri. Akanyoosha mkono, akachukua simu, akaitazama saa. Akanionyesha vidole sita. Akaketi vizuri.

Basi tukasubiri, wote. Dakika sita. Mchungaji Kule alitoka kanisani na joho upande mmoja, akauliza kuna nini, akaambiwa tunasubiri mdomo wa Thembo ufunguke. Mtu akapiga chafya na watu kumi wakakimbia. Mama Kabugho akapenya umati, akapanda ngazi, akaketi pembeni ya mwanawe huku pampu ikimwelekea. "Pulizia basi," akamwambia yule mtu. "Nianze mimi." Mtu akateremsha pampu.

"Dakika kumi," daktari akasema. "Fungua, nione. Kimeisha. Bwana Thembo, uko huru. Na huna lazima ya kusema chochote."

Thembo akasimama kwa fimbo. Nilimjua akisimama mbele ya watu; huwa anaanza kwa utani. Safari hii hakuanza kwa utani.

"Sina Ebola," akasema. "Niko na tramado. Miaka tatu. Ile siku nilianguka kwa harusi mukapiga makofi, haikuwa mchezo, nilikuwa nakufa. Hii dawa ndiyo inanisaidia nisirudi. Bibi yangu ananipa kila siku, na nyinyi mumeacha kununua samaki yake. Sasa mumejua. Mwenye kucheka acheke, lakini muache mama ya watu auze."

Nikasubiri kicheko. Kilikuja, kutoka kwa vijana wa bodaboda, kidogo, kikafa njiani, maana wawili kati yao walikuwa wanatazama chini.

Mama Kabugho akamgeukia mwanawe. Mimi nilijiandaa kwa laana. Akasema kwa Lhukonzo, na nitaiweka kwa Kiswahili: "Miaka mitatu nafunga na kuomba kwa ajili ya presha. Nimemwambia Mungu kitu kisicho." Akamshika mkono wakaingia ibadani.

Mwenyekiti akavua glavu, akakosa mahali pa kuzitia.

Jumatatu, 28 Oktoba

Harusi mbili zimemfuta Thembo. Chumba cha Bright kimefungwa kwa kufuli kubwa, wanasema amevuka mpaka. Samaki wangu wote wamenunuliwa kabla ya saa sita, bila hata mmoja kuuliza bei.

Jumatano, 6 Novemba

Saa 1:00. Mmoja wa wale vijana wa bodaboda alikaa ngazi ya pili, mbali kidogo na Thembo, akijifanya anafunga kamba za kiatu dakika kumi. Kesho nitampa namba ya daktari.

Jumatatu, 18 Novemba

Barabara ya Kasese imekatika. Kijito kimekula daraja, gari halipiti, bodaboda haipiti. Kopo lina kidonge kimoja, cha leo.

Jumanne, 19 Novemba

Hakuna kidonge. Daktari alisema siku moja anaweza kuvumilia, ya pili itakuwa mbaya. Kufikia jioni Thembo alikuwa anapiga miayo, pua inatiririka, miguu haitulii. Hakusema neno, na hakukuwa na kitu mdomoni. Ningetoa chochote anikatize.

Jumatano, 20 Novemba

Mwenyekiti Syahuka alikuja mwenyewe alfajiri na magumbuti yale yale. "Mama Biira, twende. Nesi anakuja upande ya pili."

Kijitoni watu walikuwa wameshafunga kamba ya kuvushia mafurushi ya kahawa. Ng'ambo ile nikamwona Marita, mwembamba, mwavuli umegeuka ndani nje, pakiti ameikumbatia. Akapaza sauti:

"Siachii mpaka usaini!"

Kwa hiyo daftari la kliniki ndilo lililovuka kwanza, ndani ya mfuko wa plastiki, likininginia. Kalamu ikavuka nyuma yake, ikadondoka majini. Watu wote wakaguna. Mwenyekiti akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kidau cha wino wa muhuri wa kijiji, hutembea nacho. Nikatia dole gumba. Naye, kwa kuwa hakuwahi kuona karatasi akaiacha hivi hivi, akapiga muhuri juu yake. Daftari likarudi. Marita akalisoma kwa makini kana kwamba mto si kitu, halafu pakiti ikaja kwenye kamba, polepole, na watu zaidi ya hamsini waliokuwa pale hakuna aliyepumua. Nilipoishika wakapiga makofi, na safari hii walijua wanapigia nini.

Saa nne kidonge kilikuwa chini ya ulimi. Dakika ya kumi na moja Thembo akasema, "Paa ya jiko inavuja, Mama Biira, wewe huoni?" Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Jumatatu, 2 Desemba

Barabara imefunguka kwa mbao, na mnara wa simu umetengenezwa. Daktari amesema sasa vidonge vya wiki mbili.

Alhamisi, 12 Desemba

Mwenyekiti anamwozesha binti yake Kyarumba Jumamosi. Amemwomba Thembo ashereheshe. Atalala huko usiku mmoja, daktari atampigia kwenye simu ya Mwenyekiti, na mimi siendi, wikiendi hii ni ya soko la Krismasi. Nilimuuliza daktari nani atashika ufunguo. Akasema, "Yeye."

Jumapili, 15 Desemba

Jana asubuhi nilivua ufunguo shingoni. Shingo ilihisi baridi. Thembo akautia mfukoni, mfuko ule ule wa kifuani, akaondoka na kopo lenye kidonge kimoja, akiwasimulia abiria wa gari kitu kabla hata halijaondoka.

Leo niliamka mapema kwa mazoea. Saa moja ikafika. Mimi nimekaa mezani na mikono mitupu, sina wa kumwambia afungue mdomo. Saa moja na robo simu ikalia, na si Thembo. Ni Daktari Evas.

"Ametumia. Nimemwona mwanzo mpaka mwisho. Harusi ilikwenda vizuri, sauti imemkauka."

"Ahsante, daktari."

Nikadhani amekata. Hakukata.

"Na wewe, Barbara," akasema, "hujambo?"

Hakuna mtu wa hospitali aliyewahi kuniita kwa jina langu. Nikatafuta jibu la kwenye fomu. Amelala, amekula. Hayo yote ni ya Thembo.

"Daktari, nikianza sitamaliza upesi."

"Mgonjwa wangu wa pili hajafika," akasema. "Anza popote."

Nikaiegemeza simu kwenye birika, nikavuta kigoda.